Bach Bila Fidla: Sinthesaiza na Usomaji Mpya wa Muziki wa Okestra

Muziki wa okestra ukipigwa kwa sinthesaiza, ala inayounda sauti kwa umeme, swali la kwanza la wakosoaji huwa ni lile lile: unafanana na okestra? Nashikilia kwamba kipimo hicho si cha muziki huo. Mpangaji wa sinthesaiza anafanya kazi ya kugawa sauti, na mgawo huo ndio unaopaswa kuhukumiwa.

Tuanze na Switched-On Bach, albamu aliyoitoa Wendy Carlos mwaka 1968 akiwa na mtayarishaji wake, Rachel Elkind. Mtambo alioutumia, sinthesaiza iliyobuniwa na Robert Moog, ulijaa vifundo na nyaya za kuchomeka, na ulitoa noti moja tu kwa wakati. Bonyeza vibonye vitatu kwa pamoja, kitalia kimoja. Basi Carlos alipiga kila mstari peke yake, akaurekodi kwenye utepe wa njia nane, akarudi mwanzo, akapiga mwingine juu yake. Isitoshe, mtambo ulikuwa ukihama sauti, na kila mara ilibidi kuutyuni upya. Kazi hii inakaribia zaidi kutunga shanga kuliko kupiga kinanda.

Udhaifu huo ulimfaa Bach. Koncheto ya 3 ya Brandenburg, iliyomo kwenye albamu hiyo na mojawapo ya zile sita alizozitoa wakfu mwaka 1721, imeandikwa kwa fidla tatu, viola tatu na selo tatu, pamoja na besi na hapsikodi. Tangu mwanzo kuna kijipande cha noti tatu, mbili za haraka na moja ya kutulia, ambacho makundi haya yanarushiana. Ala za nyuzi ni za ukoo mmoja. Zikipokezana, sikio lisilozoea halijui nani kasema na nani kajibu. Carlos anampa kila msemaji koo lake: mmoja mkali na mkavu, mwingine mnene, wa tatu kama anasemea puani. Ghafla mabishano yanasikika. Aliyekwisha kuyasikia hivyo huirudia okestra yenyewe akiwa na masikio mengine.

Isao Tomita wa Japani alikabili tatizo tofauti. Albamu yake ya 1974, Snowflakes Are Dancing, inatokana na vipande vya piano vya mtunzi Debussy, na piano ina rangi moja ya sauti. Tomita akatengeneza rangi nyingine mwenyewe, kuanzia miluzi hadi sauti zinazokaribia kwaya. Wanaomshutumu kwa hilo wanasahau kwamba Picha za Maonyesho za Mussorgsky nazo zilizaliwa kwenye piano mwaka 1874, na mpangilio wa okestra tuliouzoea ni wa Ravel, wa 1922. Ravel haitwi mwigaji.

Hata hivyo, sitetei kila kitu. Tomita alipoigeukia Sayari, kazi ya okestra ya Holst, mwaka 1976, warithi wa mtunzi walipinga, na kwa sikio langu walikuwa na hoja. Kwa Bach, rangi ya ala ni vazi, linaweza kubadilishwa. Kwa Holst rangi ndiyo mwili. Ukishaiondoa, unabaki kuongeza mapambo, na roketi inayoruka mwanzoni mwa albamu ile ni pambo tu. Mashine za baadaye zilizohifadhi sauti za fidla halisi hazinivutii hata kiasi hicho: zinafanana sana, na hazisemi kitu.

Turudi Brandenburg. Kati ya sehemu ya kwanza na ya mwisho Bach aliandika kordi mbili tu. Baadhi ya okestra huzipiga na kupita. Nyingine humwachia mpigaji mmoja apambe kidogo. Carlos alijaza nafasi hiyo kwa ubunifu wake, sauti zinazoteleza na kuvuma ambazo hakuna upinde unaoweza kuzikwangua kwenye nyuzi. Anayetaka kujua kama zinafanana na okestra, hapo hana nota za kulinganisha nazo.