Hukumu ya Kasumba na Uhai wa Wanyonge: Mazingatio kutoka Historia ya Iran

Uharamu wa kilevi si jambo walilohitilafiana mafakihi. Imam al-Ghazali, katika al-Mustasfa, aliitaja akili miongoni mwa mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, na uhai nao umo katika hayo matano. Swali tunalotaka kulitazama, ndugu msomaji, ni jingine: mtawala akiweka adhabu ili kuihifadhi akili, kisha adhabu hiyo ikaangamiza uhai wa masikini, afanye nini?

Mwaka 1955 Iran ilipiga marufuku kilimo na matumizi ya kasumba. Mwaka 1969 serikali ya Shah ikalegeza kamba: kilimo kikaruhusiwa chini ya usimamizi, na waraibu wazee pamoja na wagonjwa wakaandikishwa na kupewa kasumba kwa kuponi. Baada ya mapinduzi ya 1979 utaratibu huo ukafutwa. Mwaka 1980 Sheikh Sadeq Khalkhali akakabidhiwa vita dhidi ya dawa za kulevya, na watu wengi wakauawa kwa hukumu zake. Mwaka 1988 Baraza la Kuainisha Maslahi likapitisha sheria ya kifo kwa atakayekamatwa na heroini inayozidi gramu 30 au kasumba inayozidi kilo 5.

Uzito wa sheria hiyo haukuwaangukia watu kwa usawa. Mwenye mali huweza kutibiwa kwa siri nyumbani kwake; asiye na kitu huishia gerezani. Tena kasumba hujulikana kwa harufu ya moshi wake, ilhali heroini hufichika kwa urahisi na huweza kudungwa. Gerezani sindano ni adimu, basi moja hupita mikononi mwa wengi. Katikati ya miaka ya 1990 ikagundulika kwamba virusi vya Ukimwi vimeenea miongoni mwa wafungwa wa Kermanshah. Nao wafungwa hutoka, wakarudi kwa wake zao. Hivyo mwanamke ambaye hajagusa kilevi maishani mwake aliweza kuambukizwa ndani ya ndoa yake ya halali.

Hapo ndipo mlango mwingine ulipofunguliwa. Mwaka 1997 sheria ilirekebishwa ili mraibu anayetafuta tiba asishtakiwe. Madaktari wa Kermanshah, wakiwemo ndugu wawili Kamiar na Arash Alaei, wakaanzisha kliniki iliyounganisha huduma tatu: waraibu, magonjwa ya zinaa na Ukimwi. Mwaka 2005 Ayatullah Shahroudi, mkuu wa mahakama, akawaandikia waendesha mashtaka wasiwazuie wanaogawa sindano safi na methadoni.

Atasema msemaji: je, huku si kusaidia maasi, na kanuni ya kuziba njia za ufisadi iko wapi? Tunajibu kwamba aliyepewa sindano safi alikwisha kuwa anajidunga. Sindano haikumfungulia njia mpya, bali imeziba njia ya virusi kumfikia yeye na mkewe. Yanapokutana madhara mawili, hubebwa lililo jepesi. Haramu imebaki haramu. Kilichobadilika ni siasa ya kuisimamia.

Hatusemi kwamba Iran ilimaliza kazi. Ndugu hao wawili walikamatwa mwaka 2008, wakafungwa kwa miaka kadhaa. Mwaka 2017 bunge lilipandisha kiwango cha hukumu ya kifo hadi kilo 2 za heroini na kilo 50 za kasumba, lakini baada ya 2021 idadi ya wanaonyongwa kwa makosa ya dawa za kulevya ilipanda tena.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Heroini ya Afghanistan huvushwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran hadi pwani yetu, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Kwa hiyo kadhi, imamu na mbunge wetu wanapoulizwa kuhusu mraibu, haiwatoshi kujibu kwamba kilevi ni haramu, kwani hilo kila mtu analijua. Wapime pia ni nani atakayekufa kwa jibu lao, na iwapo aliwahi kuonja kilevi.