Dinosau wenye mdomo wa bata: namna mifupa yao inavyookotwa

Hadrosauri walikuwa nyama wakubwa wenye kula majani. Kwenye ncha ya kinywa walikuwa na mdomo bapa kama wa bata, na nyuma yake mamia ya meno ya kusaga. Wa mwisho walikufa karibu miaka milioni 66 iliyopita. Mifupa yao, iliyogeuka kuwa jiwe, inapatikana kwa wingi Amerika ya Kaskazini, kama vile Montana na Wyoming kule Marekani, na Alberta kule Kanada.

Kazi haianzi na kuchimba. Mtafutaji anatembea kwenye makorongo ambako mvua imekula udongo. Akiona vipande vimeanguka chini, anapanda navyo mpaka kule vilikotoka. Mbele ya kuondoa mfupa, anaandika ni mahali gani, ni tabaka gani la mwamba, na mifupa imelala namna gani. Kisha anaufunika, pamoja na jiwe lake, kwa vitambaa vya gunia vilivyolowekwa katika plasta, ile ile ya kufunga mkono uliovunjika.

Sababu gani kubeba na jiwe? Mwaka wa 1908, kule Wyoming, George Sternberg na mdogo wake Levi walibaki kambini na viazi tu vya kula, wakati baba yao Charles alikuwa amekwenda kupeleka fuvu la dinosau mwingine. Aliporudi, walikuwa wamefukua hadrosauri aliyelala chali, na alama za ngozi yake zingali zimeshika mwambani. Kama wangekwangua jiwe ili wapate mifupa mitupu, ngozi hiyo ingepotea. Jumba la makumbusho la New York lilimnunua, na angali pale mpaka leo.

Siku hizi haki ya kuokota inategemea inchi na ardhi. Marekani, mfupa uliopatikana kwenye shamba la mtu ni mali ya mwenye shamba. Kwenye ardhi ya serikali kuu, lazima kibali. Alberta, tangu mwaka wa 1978, visukuku ni mali ya jimbo: hakuna kuchimba bila kibali. Mfupa uliong'olewa kwa haraka na kuuzwa bila maandishi unabaki pambo tu. Hakuna atakayeweza kusema ulitoka wapi, ao ulilala pamoja na nini.