Picha za HDR
Picha za HDR hutokana na kuunganisha picha kadhaa za mandhari moja, zilizopigwa kwa viwango tofauti vya mwanga. Wazo hili ni la zamani: mpigapicha Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu ya bahari na ya anga katika miaka ya 1850. Huko Kuresoi, Kaunti ya Nakuru, mbinu hii inafaa hasa asubuhi: anga ni nyeupe, Msitu wa Mau bado giza. Kamera ikiwa juu ya stendi, hupigwa picha tatu, aghalabu zikiachana stopu (hatua za mwanga) mbili, kwa kubadili kasi ya shata tu. Upepo ukitikisa michai, majani hutoka mawilimawili katika picha ya mwisho. Programu za kompyuta kama Photomatix na Lightroom huziunganisha picha hizo tatu. Programu nyingine, Luminance HDR, ni ya bure. Wengi huzidisha marekebisho, milima ikazungukwa na utepe mweupe usiopendeza.