THESSALONIKI: MJI WA UGIRIKI AMBAO MENYU YAKE ILIANDIKWA NA WATU WASIO NA MAJINA

Kila aliyekulia kanisani anaujua mji huu hata kama hajui kwamba anaujua. Zile nyaraka mbili za Paulo kwa Wathesalonike ziliandikwa kwa watu wa hapa hapa. Ni mji wa bandari kaskazini mwa Ugiriki, mpaka leo upo, una foleni za magari kama kawaida, na una chakula ambacho hata Wagiriki wa Athens wakibanwa sana wanakubali kuwa kinawashinda. Jina lake ni la malkia Thessalonike, dada wa Alexander Mkuu kwa baba mmoja, na aliyeuanzisha mwaka 315 kabla ya Kristo ni mume wake, mfalme Cassander. Hao ndio wenye majina. Habari za wafalme zimejaa vitabuni, ziishie hapo.

Wanaokwenda Ugiriki kwa siku tatu nne wengi hukimbilia Athens kupiga picha na zile nguzo, halafu boti ya Santorini, basi. Haina ubaya. Lakini anayesafiri kwa ajili ya tumbo aende Thessaloniki, ambayo mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya miji ya mapishi, wa kwanza kwa Ugiriki nzima. Na kabla hajaagiza chochote ajue jambo moja: sahani nyingi zitakazowekwa mbele yake zililetwa na mtu aliyefukuzwa kwao.

Asubuhi ni ya bougatsa. Huu ni unga uliovutwa na kurushwa hewani mpaka ukawa mwembamba kuliko manda ya sambusa, unakunjwa na kastadi ndani, au jibini, au nyama ya kusaga, kisha unaingia tanuri. Ukitoka, fundi anaukatakata haraka haraka, na ule wa kastadi anaumwagia sukari ya unga na mdalasini. Watu wa ofisini wanakula, mafundi wanakula, waliokesha disko nao wako pale pale. Asiyetaka kukaa ananunua koulouri mtaani, mkate wa duara wenye tundu katikati uliojaa ufuta, anatembea nao.

Sasa huyo fundi ujuzi wake umetoka wapi? Hapo inabidi kurudi 1922. Mwaka ule jeshi la Ugiriki lilipigwa vibaya ndani ya Uturuki ya leo, na mwezi Septemba mji wa Smyrna, ambao sasa unaitwa Izmir, ukaungua huku watu wamejazana ukingoni mwa bahari wakisubiri meli. Januari 1923 wakubwa walikaa Lausanne, Uswisi, wakatia saini mkataba wa kubadilishana watu. Yaani siyo mali wala wafungwa, watu! Wakristo wa Kiorthodoksi wa upande wa Uturuki waende Ugiriki, Waislamu wa Ugiriki waende Uturuki. Zaidi ya milioni 1 waliingia Ugiriki, na kati ya 350,000 na 400,000 walitoka. Waliohamishwa hawakuulizwa. Kipimo kilikuwa dini, siyo lugha, kwa hiyo kuna Wakristo waliofika Thessaloniki hawajui Kigiriki hata cha kuombea maji, wanajua Kituruki tu, na kuna Waislamu wa Crete waliopakiwa melini kwenda Uturuki wakati lugha ya mama yao ni Kigiriki.

Meli zilipofika, wengi walipitishwa kwanza Kalamaria, kwenye kituo cha karantini. Walinyolewa nywele, nguo zao zikasafishwa kwa dawa kuua chawa, na wengine wengi walifia pale kabla hawajauona mji. Leo Kalamaria ni kwa watu wenye nafasi zao, kuna migahawa ya samaki na boti za starehe, na anayekula pweza wa kuchoma pale jioni anaweza kumaliza sahani yake asijue kabisa kuwa ufuo ule ulikuwa mlango wa wakimbizi.

Wenyeji nao hawakuwapokea kwa maua. Waliwaita mbegu ya Waturuki. Waliwaita waliobatizwa kwa mtindi, kwa sababu ya kupenda kupikia mtindi. Mwanamke wa Smyrna akionekana anajipenda na nyumba yake inang'aa, watu walisema huyo malaya tu. Na ikumbukwe wengi wa waliofika walikuwa wanawake, watoto na wazee, maana wanaume wengi walikamatwa kule na hawakuonekana tena.

Halafu fungua menyu ya mgahawa wowote katikati ya mji. Utakuta soutzoukakia, vidole vya nyama ya kusaga vyenye kitunguu saumu na binzari nyembamba, ile ile ya kwenye pilau, vimelala ndani ya rosti ya nyanya. Pembeni wameandika kwa fahari kabisa "vya Smyrna". Kumbe mtindi uliokuwa tusi umekuwa sifa! Waliokuja kutoka pwani ya Bahari Nyeusi nao walileta peinirli, mkate wenye umbo la mtumbwi uliojazwa jibini, na hautafuti sana kuupata. Hakuna anayejua jina la mama hata mmoja aliyepika vitu hivyo kwa mara ya kwanza mjini, kwenye chumba kimoja alichogawana na familia nyingine.

Kwa wapenda soka, habari hii iko hata kwenye jezi. PAOK, timu kubwa ya mji, ilianzishwa mwaka 1926 na wakimbizi waliotoka Istanbul, na herufi ya mwisho ya jina lake ni ya Konstantinopoli, jina la zamani la mji huo. Nembo ni tai mwenye vichwa viwili aliyekunja mabawa, na mashabiki wanaeleza kuwa amekunja kwa sababu yuko msibani. Nyeusi ni msiba, nyeupe ni matumaini. Ukimwona shabiki wa PAOK amekasirika, usifikiri ni pointi tatu tu.

Mchana ni wa sokoni. Kuna Kapani, soko la wazi la zamani, samaki, zeituni, viungo, wauzaji wanapiga kelele kama soko lolote la maana. Hatua chache kutoka hapo kuna Modiano, soko la ndani lenye paa la vioo, lililojengwa miaka ya 1920 na kufunguliwa upya mwishoni mwa 2022 likiwa limepigwa rangi na kupangwa kisasa. Wapo wanaolalamika kuwa limekuwa la kitalii mno, na wana hoja. Jina ni la mhandisi Myahudi aliyelichora, na hapo ndipo unapogusa jambo ambalo menyu haisemi.

Thessaloniki ulikuwa mji wa Wayahudi. Siyo mji wenye Wayahudi, mji wao. Walifukuzwa Hispania mwaka 1492, Waosmani waliokuwa wanatawala hapa wakawapokea, na kwa zaidi ya miaka 400 Kihispania chao cha kale ndicho kilichosikika mitaani. Sensa ya mwaka 1913 ilihesabu Wayahudi 61,439, Waislamu 45,867 na Wagiriki 39,956. Wachukuzi wa bandarini walikuwa Wayahudi, tena waliitwa kwa neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, hamali, maana pande zote mbili zililichukua kwa Waarabu. Siku ya Jumamosi bandari ilifungwa, kwa sababu hamali wapo kwenye sabato. Meli ya Mwingereza ingekaa nje ikisubiri, ipende isipende.

Agosti 1917 moto uliteketeza katikati ya mji. Chanzo kilisemwa ni cheche ya jikoni kwenye nyumba ndogo ya wakimbizi, na watu wanasimulia kuwa palikuwa panapikwa biringanya. Zaidi ya watu 70,000 walibaki bila nyumba, wengi wao Wayahudi. Mtalii anayepiga selfi kwenye uwanja mzuri wa Aristotelous anasimama juu ya mji uliochorwa upya baada ya moto huo.

Lakini moto uliacha watu. Kilichokuja baadaye hakikuacha. Wajerumani waliingia Aprili 1941. Jumamosi ya tarehe 11 Julai 1942 waliwakusanya wanaume wa Kiyahudi wapatao 9,000 kwenye uwanja wa Eleftherias, karibu na bandari, wakawasimamisha juani kwa masaa, wakiwapiga na kuwalazimisha kufanya mazoezi ya kuwadhalilisha mpaka wengine wakaanguka. Eleftherias maana yake uhuru. Machi 1943 treni ya kwanza iliondoka kwenda Auschwitz, na hadi Agosti mwaka huo zaidi ya watu 45,000 walikuwa wamepelekwa. Karibu wote waliuawa. Baada ya vita, Wayahudi waliokuwa mjini hawakufika hata 2,000. Na ule uwanja? Ukageuzwa maegesho ya magari, ukakaa hivyo kwa miongo mingi.

Makaburi yao yalikuwa na maiti zaidi ya 300,000, ya tangu enzi na enzi. Yalivunjwa mwishoni mwa 1942, mawe yakachukuliwa kujengea na kutandikia njia, na juu ya eneo lile kikakua Chuo Kikuu cha Aristotle. Wanafunzi wanakunywa kahawa pale kila siku. Mnara wa kumbukumbu uliwekwa chuoni mwaka 2014, miaka zaidi ya 70 baadaye. Tuseme ukweli, walichelewa sana.

Ndiyo maana mgeni anaweza kula Thessaloniki wiki nzima, akashiba vya Smyrna na vya Bahari Nyeusi, asikutane na mayai ya kuchemshwa usiku kucha na maganda ya vitunguu mpaka yakawa ya kahawia, chakula cha sabato cha wale hamali. Mkimbizi alifika na mapishi yake kichwani akapata jiko. Hawa waliondolewa na majiko yao. Anayetaka kuwajua aende kwenye Jumba la Makumbusho ya Wayahudi, karibu tu na masoko. Ni dogo, saa moja inatosha, na baadhi ya yale mawe ya makaburi yapo pale.

Mnara Mweupe wa ufukweni unapitiwa na kila mtu kwa hiyo hauhitaji maneno mengi. Waosmani waliutumia kama gereza na uliitwa Mnara wa Damu. Inasimuliwa kuwa miaka ya mwanzo ya 1890 mfungwa mmoja aliupaka chokaa mzima ili aachiwe huru. Leo rangi ile imefifia kabisa lakini jina limebaki.

Jioni panda Ano Poli, mji wa juu, ambao moto wa 1917 haukuufikia. Njiani pitia Rotunda, jengo la duara la Warumi lililokuwa kanisa, likawa msikiti, na mnara wake wa adhana bado umesimama. Ndio pekee uliobaki, mingine yote ya mji ilibomolewa Waislamu walipoondoka. Nyumba za mbao zenye roshani zilizotokeza nje huko juu nyingi zilikuwa za hao Waislamu. Waliondoka na mizigo yao, wakimbizi wa Kikristo wakaingia. Mtu alilala chumbani kwa mtu aliyekuwa akilala, pengine, kwenye chumba cha aina hiyo hiyo upande wa pili wa bahari. Kileleni ipo ngome ya Yedi Kule, iliyokuwa gereza mpaka 1989, na imeimbwa sana kwenye rebetiko, muziki wa wakimbizi na wavuta bangi ambao serikali ya miaka ya 1930 iliufanyia udhibiti kwa kuuona wa kihuni. Siku hizi watu wanalipa kuusikia wakiwa wamevaa vizuri.

Ukishuka kula, angalizo dogo: hapa ukitaka mishikaki unasema souvlaki. Athens wanaiita kalamaki, na ukilitumia neno hilo huku utachekwa.

Usiku wa manane, mji ukiwa umelewa, watu wanaelekea kwenye patsas. Ni supu ya utumbo na miguu, na Mtanzania yeyote ataitambua kwa harufu kabla hajaingia mlangoni. Zamani ilikuwa ya wabeba mizigo na watu wa zamu ya usiku, ya kuwapa nguvu kabla hakujakucha. Leo dereva teksi, mwanafunzi na mwanamuziki wanakaa meza moja. Mpishi haulizi majina. Anauliza kama utumbo ukatwe mkubwa au mdogo, anaweka bakuli mezani, pembeni siki iliyolowekwa kitunguu saumu na pilipili nyekundu ya kuponda, unajitilia mwenyewe kadiri ya koo lako.