Hukumu ya mwimbaji, kutoka Fumba hadi kwenye skrini

Siti binti Saad alipotoka Fumba kuja kuimba mjini Unguja, waliomhusudu walimtungia wimbo. Wakamtaja kwa jina, wakaitaja na kaniki aliyokuja nayo kutoka shamba, ingawa hata wao hawakuweza kuikana sauti yake. Siti hakujifungia ndani. Alijibu kwa wimbo usiomtaja mtu, akauhamisha mzani kutoka kwenye sura na nasaba hadi kwenye akili, na jibu hilo ndilo lililokaa vinywani mwa watu. Mwaka 1928 mwanamke huyo aliyechekwa alikuwa Bombay, akirekodi santuri.

Unguja ilikuwa na njia zake za kumpima mwimbaji, na iliyo kongwe kati ya hizo ingali hai: tunza. Katika ukumbi wa taarab, aliyeguswa huinuka, akatembea kwa madaha mpaka jukwaani, akaitia noti mkononi mwa mwimbaji. Ubeti alioinukia ndio hukumu yenyewe. Ukumbi mzima huona ubeti huo umempata nani na kwa nini. Asiyependeza naye huachwa amalize. Watu hujifunga kanga upya, huulizana habari za watoto. Mwimbaji huelewa.

Msidhani ulikuwa upole. Vikundi vya wanawake kama Nuru el Uyun na Sahib el Ari vilirushiana vijembe vikali, na mavazi yenyewe yakawa sehemu ya mashindano. Lakini kila kijembe kilikuwa na siku yake ya kujibiwa, na aliyesemwa kwa fumbo aliweza pia kujifanya si yeye. Hiyo ndiyo sitara, na kwangu ndiyo kiini cha habari hii.

Televisheni Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, tena ya rangi, takriban miaka 20 kabla ya ITV kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1994. Taarab ilionekana huko kama ilivyo ukumbini. Meza ya majaji wa mashindano ya kuimba ilitoka mbali. Mwaka 2001 Uingereza ilianza kuonyesha Pop Idol, na Simon Cowell akapata umaarufu kwa kumwambia kijana mbele ya kamera kwamba hajui kuimba. Mwaka uliofuata akaupeleka ukali huo Marekani katika American Idol. Haukuchukua muda kufika kwetu. Rita Paulsen alianzisha Bongo Star Search, na mezani akakaa na Master Jay, mtayarishaji wa muziki, na Salama Jabir, ambaye maneno yake hayakuzunguka. Katika Tusker Project Fame, Ian Mbugua wa Kenya ndiye aliyeogopwa. Walioboronga kwenye usaili wakawa kichekesho cha sebuleni.

Kilichokuja ni ukali. Haki ya kujibu haikuja. Mshiriki wa London humwita jaji wake Simon, na wengine hubishana naye hapohapo, sauti juu, kisha wakatoka. Kwetu jaji ni Madam Rita. Na madam, kama mama, hajibiwi. Kijana wa Ng'ambo au Makunduchi aliyelelewa kuinamisha kichwa mbele ya mkubwa hupokea neno lilelile kwa uzito mara mbili: limesemwa na mkubwa, na limesemwa hadharani. Siti alikuwa na wimbo wa kujibu. Huyu ana namba kifuani.

Waunguja wenye ndugu Muscat na Dubai wanajua kwamba televisheni yenyewe hailazimishi hivyo. Abu Dhabi ilianza mashindano ya ushairi ya Sha'ir al-Milyun mwaka 2006, na majaji wake hulichambua shairi: taswira, mizani, maana. Mwaka 2010 Hissa Hilal, mama wa Kisaudi aliyevaa nikabu, alishika nafasi ya tatu baada ya kusoma shairi la kuwakemea watoa fatwa wakali. Majaji walizungumza na beti zake.

Na hapa nyumbani, watoto wanaposhindana kuhifadhi Qur'an, anayeteleza hushtuliwa tu. Hanyamazishwi wala hachekwi. Huvuta pumzi, hurudi nyuma kidogo, akaikamata aya alipoiacha, akaendelea.