Mashini Iliyolala Ghalani

Mapema 2008, Kuresoi ikiwaka, tata yangu alitoka nyumbani na watoto wawili, blanketi moja na kitambulisho. Mashini ya kufuma sweta haibebeki mgongoni. Ni chuma kitupu, watu wawili wakiiinua lazima wapumzike njiani. Kwa hivyo iliachwa.

Kogo wa boma la chini, ambaye kwa hesabu za siasa za wakati ule alifaa kuwa adui, aliiburuta usiku na wanawe, wakaificha ghalani chini ya magunia ya mahindi. Tata alikuwa kambini Nakuru, kwa uwanja wa maonyesho, akidhani imeshauzwa kwa watu wa vyuma kuukuu. Aliporudi mwaka uliofuata aliikuta na kutu kidogo na kinyesi cha panya. Sindano zote zilikuwepo.

Mimi niliijua vizuri nilipoacha chuo. Karo iliisha, nikarudi juu huku na begi moja. Tata hakunihurumia. Alinionyesha kiti tu.

Kuresoi si mahali pa fulana. Tuko juu ya Mau, Julai ukungu unakaa mpaka saa nne, na mtoto bila sweta hakai darasani akasikia kitu. Kila shule ina rangi yake na mstari wake shingoni. Serikali ya Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi 2003, madarasa yalifurika, na tata anasema huo ndio mwaka alioacha kuuza viazi. (Uzi wenyewe si wa kondoo. Molo iko hapo tu na kondoo wake, lakini sisi tunafuma akriliki ya dukani Nakuru.)

Sasa, mashini. Kuna safu mbili za sindano zilizoinamiana kama paa la nyumba, na kigari unachosukuma kwa mkono, kwenda na kurudi. Kila sindano ina ndoano na kilimi kidogo kinachofunguka na kujifunga. Sindano inapanda, inadaka uzi, inashuka, kilimi kinafunga, kitanzi kipya kinapita ndani ya kile cha zamani. Ni hivyo tu. Siku ya kwanza nilisukuma kigari bila kuona kwamba uzi umekatika. Mgongo mzima wa sweta ukaanguka sakafuni, pwaa, kama nguo iliyofunguka kamba. Siku ya pili nilikirudisha kigari katikati ya safu, kikakwama, nikapinda sindano nne. Siku ya tatu nilisahau kuning'iniza vizito chini, vitanzi vikarundikana juu ya sindano kama ugali ulioshika sufuria. Tata alikuwa akimenya viazi. "Endelea," akasema.

Nilipotafuta mambo haya yalitoka wapi, nilipata kwamba mwaka 1589 Mwingereza William Lee alitengeneza mashini ya kwanza ya kufuma soksi. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth I alimnyima hati ya ubunifu kwa kuwahofia maskini waliofuma kwa mkono. Lee akahamia Ufaransa. Miaka zaidi ya 200 baadaye, 1811, wafumaji wa Nottingham walianza kuvunja mashini hizo usiku kwa nyundo, maana matajiri walizitumia kushusha malipo. Mwaka 1812 bunge lao likapitisha sheria: ukivunja mashini, unyongwe. Yaani chuma kikawa na thamani kuliko shingo ya mtu. Nilisoma hapo nikamkumbuka kogo. Alikificha chuma kwa sababu ya mtu.

Sindano ya kilimi ilikuja miaka ya 1840, nayo mashini bapa ya Mmarekani Isaac Lamb ikapata hati 1863. Édouard Dubied, Mswisi, aliiona Paris kwenye maonyesho ya 1867, akanunua haki na kuanza kuzitengeneza kwao Couvet. Ya tata ni ya ukoo huo, ingawa kibao chake kimesuguka hakisomeki.

Kuhesabu safu ndiko kulinishinda zaidi. Tata hutumia punje za mahindi: kila safu kumi, punje moja inahama bakuli. Mimi nilijifanya nimesoma, nikahesabu kichwani. Sweta yangu ya kwanza ilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na shingo iliyobana hata kichwa kikakataa kupita. Shingo niliifumua na kuirudia mara mbili. Mkono nikauacha. Alichukua mjukuu wa kogo. Mama yake aliukunja ule mkono mara moja, akaendelea na shughuli zake.

Januari tuna oda ya sweta arobaini, kijani, mstari wa njano. Tata haoni tena kilimi kilichopinda. Hunikalia kando na bakuli zake mbili, akihamisha punje, na nikikosea anajua kwa sauti ya kigari kabla mimi sijaona.