Head over heels

Head over heels ni nahau ya Kiingereza inayomhusu mtu aliyependa hadi akafa na kuoza. Maneno yenyewe yanataja kichwa kilicho juu ya visigino, yaani mtu aliyesimama wima kama kawaida. Hata hivyo nahau hii hubeba maana ya kupinduka, iliyorithiwa kutoka umbo la kale, lililotanguliza visigino. Umbo hilo limo katika Patience, utenzi wa Kiingereza wa karne ya 14, pale Nabii Yona anapomezwa na samaki: anaporomoka kooni akibingirika, miguu juu kichwa chini, mpaka anatua tumboni, mahali papana kama ukumbi. Hakuna matumizi ya baadaye yaliyoifikia picha hiyo kwa nguvu. Katika karne ya 18 mpangilio wa maneno uligeuzwa, na ingawa mantiki ilipotea, umbo jipya likashika mizizi. Mwaka 1834 Davy Crockett, mwindaji na mwanasiasa wa Tennessee, Marekani, alilitumia katika tawasifu yake akisimulia alivyozama katika penzi la msichana. Siku hizi nahau hii huambatana zaidi na mapenzi, hasa yale yanayompata mtu ghafla na kumfanya asijiweze.